Fundi Semboja na Mshale Uliomsingizia Kibwana

KOROGWE. Saa moja kasorobo asubuhi, umande haujakauka kwenye mabati ya Masuguru, na lori la kijiji cha Kwaluguru limesimama mbele ya karakana ya Stefano Semboja. Mgongoni limebeba mapipa kumi na manne ya maji. Injini imelala tangu jana jioni. Fundi anaweka kiganja juu yake, anatikisa kichwa, kisha anamwambia dereva afungue ufunguo tu, asiwashe.

Dereva anafungua. Mshale wa geji ya joto unaruka kutoka chini mpaka kwenye alama nyekundu.

"Alaa!" anasema Semboja. "Injini baridi kama mtungi, halafu mshale unasema inachemka? Hii geji imelewa!"

Anacheka mpaka tumbo linatikisika. Dereva, Kibwana Mhina, hacheki. Ni kijana wa miaka thelathini, mwembamba, na macho yake ni ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

"Cheka tu mzee," anasema. "Mimi leo alasiri naitwa mwizi."

Kicheko cha fundi kinakatika hapo hapo.

Mwaka huu wa 1976 mvua imeipita Kwaluguru kando. Visima vimebaki tope, na kamati ya kijiji ikaamua lori lao la tani saba liwe likiteremka Korogwe mara mbili kwa wiki kuchota maji ya Mto Pangani. Mapipa kumi na manne yanaondoka yamejaa. Yakifika, mawili au matatu yako nusu.

Kibwana alieleza tangu mwanzo maji yalikokwenda. Njiani mshale ulikuwa ukipanda kwenye nyekundu, naye akihofia mali ya kijiji isiungue, alisimama, akafungua pipa na kuliogesha gari: debe kwa debe juu ya rejeta na injini, mpaka moyo wake utulie. Wenzake walimwelewa, wakamtuma kwa fundi.

Fundi mwenyewe ndiye Semboja. Wiki tatu zilizopita alilikagua, akasema rejeta imejaa uchafu, akaisafisha, akamwandikia Kibwana karatasi ya kupeleka kwenye kamati: gari limepona.

Halikupona. Mshale uliendelea kupanda, Kibwana akaendelea kuogesha, mapipa yakaendelea kufika nusu. Sasa ikawa kesi. Kama fundi Semboja amesema gari zima, maji yanakwenda wapi? Wanakijiji wakasema anayauza njiani. Lisemwalo lipo, wakanong'ona kinamama, na wengine wakaanza kumwita kupe, yaani mnyonyaji wa jasho la wenzake, neno ambalo siku hizi ni afadhali mtu akutukanie ukoo mzima.

"Watoto wananipisha njia kama nina ukoma," anasema Kibwana. "Leo saa tisa kamati inakaa. Nitanyang'anywa ufunguo, na barua iende wilayani kwamba nimeiba mali ya umma. Nikisema gari linachemsha, wananionyesha karatasi yako."

Semboja anavua kofia. Anaivaa tena.

"Karatasi yangu," anasema taratibu.

Huyu ni mtu wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Bumbuli, aliyeteremka milimani akiwa na kumi na saba kuja kukata mkonge. Mikono yake ikapenda chuma kuliko panga, akahamishiwa karakana ya shamba, na huko akakaa miaka ishirini na miwili akitengeneza matrekta, mitambo na mabomba ya mvuke. Alipoacha alijenga kibanda chake Masuguru. Mwezi mzuri anapata kama shilingi mia nne. Mwezi mbaya wanakula ndizi za shamba la mkewe, Serafina, na hawalalamiki.

"Tunakula, tunacheka, watoto watano wamesoma," anasema mama huyo akimimina chai. "Unataka nini tena?"

Korogwe nzima inasema Semboja hakosei. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe amewahi kuusikia usemi huo.

"Mume wangu huomba radhi mara moja kwa mwaka," anasema Serafina, "Ijumaa Kuu. Na siku hiyo anamwomba Mungu, si mimi."

Semboja anajifanya hajasikia. Ameshaingiza kichwa chini ya boneti.

Pale juu ya injini, karibu na mpira wa maji unaokwenda kwenye rejeta, kuna kijidude cha shaba kisichozidi kidole gumba. Ni kipima joto. Ncha yake inaogelea kwenye maji ya injini, na waya mmoja unaotoka kichwani mwake ndio unaopeleka habari kwenye geji. Semboja anauchomoa waya huo. Mshale unaanguka chini kabisa. Anaurudisha, mshale unaruka kwenye nyekundu.

"Geji haina kosa," anasema. "Waya hauna kosa. Huyu mdogo hapa ndiye mfitini. Nadhani alikuwa anakufa kidogo kidogo. Mwanzo alidanganya gari likipata moto, sasa anadanganya hata lililolala. Nami nilipaswa kuchomoa waya huu wiki tatu zilizopita. Ni kazi ya nusu dakika, Kibwana. Nusu dakika!"

Vipuri vimekuwa adimu, na ukiagiza Tanga unaweza kuota mvi. Lakini Semboja hatupi kitu. Katika debe lake la vikorokoro anapekua mpaka anapata kipima joto alichokifungua kwenye lori bovu la aina ile ile. Anakiunga na waya, anakishikiza kwenye injini kwa waya mwingine, kisha anakitumbukiza kwenye birika la chai. Mshale unapanda polepole, kiungwana.

"Chai yangu hiyo!" anapiga kelele Serafina.

"Inatoa ushahidi," anajibu mumewe.

Saa nne ilipotimia kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa amefungua cha zamani kwa spana, akaziba tundu kwa kidole maji yasimwagike, akakizungushia kipya nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya mafuta, akakikaza. Kisha, badala ya kuandika karatasi nyingine, akapanda garini pamoja na Kibwana. "Safari hii karatasi ni mimi mwenyewe," akasema. Mwandishi wa habari hizi akajibana katikati yao.

Barabara ya Handeni ina vumbi na vilima vya kutosha kumchosha ng'ombe. Lori lilinguruma kwa gia ya pili, mzigo ukiyumba nyuma, na mshale ukakaa chini kabisa, haukutikisika.

"Mungu si Athumani!" Kibwana alishangilia. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake. "Imepona, mzee! Haipandi hata kidogo!"

Semboja aliutazama mshale. Akautazama mlima. Akautazama tena mshale.

"Simamisha," alisema.

"Kuna nini?"

"Simamisha, mwanangu. Gari lililobeba mapipa kumi na manne likipanda kilima lazima lipate moto. Hiki kipya sasa kinatudanganya kwa upande wa pili."

Furaha ya Kibwana ikazimika. Saa tisa ilikuwa inakuja, na kijiji bado kilikuwa mbali. Fundi alikaa kivulini mwa gurudumu akingoja injini ipoe, akajikuna kidevu, mara akajipiga paji la uso kwa nguvu.

"Katani!" alisema. "Loo, Stefano, umezeeka vibaya!"

Kosa lilikuwa la mtu wa mkonge hasa. Kwenye mabomba ya mvuke, kila kiungo kilivishwa katani na rangi kisivuje, na mikono yake imefanya hivyo tangu ujana. Lakini kipima joto kina waya mmoja tu. Umeme ukiingia kwa waya, hutoka kwa kupitia hesi zake, ile mizunguko ya kukazia, chuma kwa chuma, kuingia kwenye injini. Yeye alikuwa amekivisha blanketi nene, chuma hakigusi chuma, na kile kikawa bubu.

Injini ilipopoa, alikifungua, akakwangua katani yote kwa kisu, akakirudisha kitupu na washa tu, kile kipete cha shaba. Maji yaliyotoka, kama vikombe viwili, aliyakinga kwa sufuria ya Kibwana na kuyarudisha kwenye rejeta. Mikono ilikuwa imejaa grisi na rangi, akanyoosha kidole kuelekea nyuma.

"Nipe kata moja ninawe."

"Hapana, mzee," alisema Kibwana. "Nisamehe. Leo pipa halifunguliwi."

Semboja aliinama. Akajifuta kwa mchanga.

Waliwasha. Mshale ukanyanyuka, ukapanda taratibu mpaka katikati, ukatulia hapo. Kibwana hakushangilia safari hii. Aliendesha akiuangalia kila baada ya dakika, mpaka Kwaluguru.

Kamati ilikuwa imeshakaa, na watu wengi wamewazunguka. Wa kwanza kusimama alikuwa Bi Hajira Mdoe, mama wa makamo anayesimamia mgao wa maji. Hakumsalimu dereva. Alizunguka lori akigonga pipa moja moja kwa fimbo. Yote kumi na manne yalijibu kwa sauti nzito ya pipa lililojaa.

"Leo yamejaa," alisema. "Yataachaje kujaa, na fundi kakaa juu yake?"

Watu wakaguna. Semboja akateremka, mikono bado myeusi.

"Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, habari za mchana," alisema. "Ile karatasi niliyowaandikia, nani anayo?"

Mwenyekiti wa kijiji akaiinua.

"Ichaneni. Niliandika gari limepona, na sikulipima. Niliona uchafu kwenye rejeta nikaridhika, kwa kuwa mimi ni Semboja. Kijana huyu hakuuza maji yenu hata kopo. Alilimwagia gari kwa sababu chombo kilimwambia linaungua. Nilikosea mimi. Kama barua inakwenda wilayani, iandikwe jina langu."

Mzee mmoja akakohoa.

"Maneno tumeyasikia," alisema Bi Hajira. "Lakini maneno ya kwanza nayo yalikuwa ya kwako."

"Kweli kabisa, mama. Basi usiniamini. Lete bakuli la maji ya kunywa."

Alitoa mfukoni kile kipima joto kibovu, akakiunga na ule waya, akakishikiza kwenye injini kwa waya mwingine kama asubuhi, akamkabidhi Bi Hajira akizamishe mwenyewe kwenye bakuli. Mwenyekiti akapandishwa garini atazame geji.

"Nyekundu!" mwenyekiti alipaza sauti. "Imegonga mwisho!"

Bi Hajira alichovya kidole kwenye bakuli. Akachovya cha pili, kana kwamba cha kwanza kimekosea. Maji yalikuwa baridi.

"Mwongo mkubwa wee!" akakifokea kile kijidude, na watu wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Aliweka bakuli chini, akaenda mpaka alipokuwa Kibwana, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya lori kama mgeni kijijini kwao.

"Mwanangu," alisema mbele ya wote, "neno kupe nililianza mimi. Nimekukosea. Nisamehe."

Kibwana akajifuta uso kwa kiwiko, akapanda juu ya mapipa, akaanza kugawa maji. Ufunguo haukuzungumziwa tena.

Siku mbili baadaye, Semboja yuko Masuguru tena, miguu inachungulia chini ya trekta. Ana mpango. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi anataka madereva wa magari ya vijiji, wa Handeni na wa Korogwe, waje kibandani kwake wajifunze kujua injini inaposema kweli na inapodanganya. Kibwana amekwishajiandikisha, na wa kijiji cha Kwedizinga wameuliza kama wanaweza kuleta wawili.

Atawafundisha nini kwanza?

"Kupima kabla ya kusema," anajibu kutoka chini ya trekta. Nyundo inasimama. Anajivuta nje, anakaa kitako, anafikiri.

"Hapana. Kupima watajua tu. Kwanza nitawafundisha kusema 'nimekosea' mbele za watu. Mimi imenichukua miaka hamsini na tatu, na karibu nimpoteze mtoto wa watu."