Kikombe cha Baba na Panya wa Kaka

Soko huria lilipotuletea mafuta ya kupikia ya kila aina, Baba alinenepa, na majirani zetu wa Daraja Mbili wakampongeza. Mwenye bucha asiye na kitambi, nani angenunua nyama yake? Kisha daktari akampima tumbo kwa mashine, akasema ini limejaa mafuta, akamuuliza huwa anakunywa kiasi gani.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akigusa hata mbege, ile pombe yetu ya ndizi, harusini. "Sinywi," akajibu. Daktari akatabasamu, akaandika. Mimi niliyemsindikiza nililiona lile tabasamu, na likanihamia.

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi. Nilinusa kikombe chake kila kilipotoka mezani. Nilifungua chupa ya chai aliyokwenda nayo buchani. Akirudi kutoka Nduruma kununua ng'ombe, nilikimbilia kumpokea koti ili tu ninuse pumzi yake. Sikukuta kitu, na ndiyo kwanza nikazidi kumshuku. Huyu, nilijiambia, ni fundi wa kuficha.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "nimepasua maini ya ng'ombe miaka yote hii. Yapo yenye mafuta, yamepauka, yanateleza chini ya kisu. Ng'ombe gani huyo alikunywa mbege?"

Nilicheka moyoni. Niliona ni ujanja wa mlevi.

Nikamwandikia kaka yangu, aliyekuwa akisoma Ulaya, kumshtaki Baba. Jibu lake lilinikausha. Alisema katika maabara yao wanafuga panya waliobadilishwa vinasaba ili wanenepe. Wanakula bila kushiba, na maini yao yanajaa mafuta, ilhali wanakunywa maji matupu. Binadamu naye, aliandika, anaweza kuugua hivyo bila kuonja pombe. "Mpunguzieni mafuta na sukari, na wewe mwache mzee apumue."

Aibu ilinishika. Nilimsomea Baba barua ile, nikiruka mahali palipoonyesha kwamba nilimshtaki. Alinitaka nirudie pale pa maji. Nikarudia. Akakisogeza kikombe chake taratibu mpaka kikafika chini ya pua yangu.

"Mimi baba yako hukuniamini," akasema. "Panya umewaamini."