Baldev Afungwa Mdomo

Kwao Kisumu, kwake Handsworth, huku kwa Waingereza. Baldev anang'arisha pete katika karakana moja ya Hockley mpaka leo, ingawa umri wa kustaafu keshaupita. Anasema akikaa nyumbani atanenepa. Keshanenepa.

Ulimi wake hauna breki. Ukinyoa nywele atakuuliza nani kakukosea. Mimi ananiita Mla Pweza, kwa kuwa mimi ni mtu wa Unguja. Mimi namwita Kalasinga. Wewe usijaribu.

Binti yake Kiran kapata mchumba, Yauri, kijana wa Ekwado. Ni Mkichwa wa Otavalo, watu wa milimani, wafumaji. Kijana hana neno. Shughuli iko kwa mama yake. Bi Zoila kasafiri kuja kuwatazama wakwe, na ndoa hajaikubali. Ana sababu. Yauri aliwahi kuposa kule Quito. Mama wa msichana akamwita Zoila "indita" mbele ya wageni, akamwekea sahani yake jikoni. Zoila akainuka, akaaga, na posa ikafia hapo.

Basi Kiran akamkalisha baba yake. Nilikuwapo. Kiran husema Kiingereza, baba Kiswahili, na wanaelewana.

"Dad, usiseme indio, yaani Mhindi kwa Kihispania. Kwao ni tusi."

"Na hilo indita, indio mdogo? Si limepunguzwa makali?"

"Ni baya vilevile. Ni kama kumpapasa mtu mzima kichwani."

"Basi niseme kabila lenu."

"Usiseme tribu. Wao husema nacionalidad, taifa. Indígena inafaa. Pueblos originarios inafaa, maana yake watu wa asili wa nchi. Bora kuliko yote sema Kichwa. Ndivyo wanavyojiita."

"Kwani hao wa kwanza kuwaita indio walimwona Mhindi wapi?"

"Walipotea baharini. Walidhani wamefika India."

Baldev akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mimi Mhindi, India sijakanyaga, na kuna watu wamebandikwa jina langu!"

"Hilo ndilo ninaloliogopa," Kiran akasema. "Mzaha huo usiulete mezani." Akafikiri kidogo. "Dad, bora usiseme kitu kabisa."

Jumapili wakanialika. Marehemu mke wangu Mize angelikuwapo angelinitangulia mlangoni, alikuwa hodari wa wageni. Nikaenda peke yangu.

Bi Zoila ni mfupi, kakaa wima, blauzi nyeupe ya nakshi, shanga za dhahabu tabaka kwa tabaka shingoni. Baldev mbele yake, mikono magotini. Kimya. Chai inapoa. Baldev akifungua mdomo, Kiran anamkanyaga. Nikaona na Bi Zoila akifungua wake, Yauri anakohoa.

Nikamnong'oneza Yauri. "Mama yako haongei?"

"Nimemkataza. Kwetu watu wakiona kilemba husema hindú. Nimemwambia huyu ni Sikh, dini nyingine kabisa, akikosea ni aibu. Akaona bora anyamaze."

Loh! Nikawatazama wale wawili, watu wazima, wametiwa kufuli na watoto wao. Shetani akanipanda.

"Kalasinga," nikasema kwa sauti, "sambusa zote hizo unazitazama tu? Umekufa?"

Kiran akafumba macho. Baldev alivumilia, alivumilia, ikamshinda.

"Wacha kelele, Mla Pweza. Leo nimekatazwa kuishi."

Bi Zoila akauliza tumesema nini. Yauri, ambaye Kiswahili keshakiokota nyumbani kwa kina Kiran, akajikuna. Mama akamkazia macho, naye akatafsiri yote, na akaeleza kuwa Kalasinga ni jina la kuwabeza watu wa vilemba kama Baldev.

Bi Zoila akaweka kikombe chini. Akamgeukia Baldev.

"Nawe unamwacha?"

Kiran akautafuta mguu wa baba yake. Baldev alikwisha kuuficha.

"Huyu ni mtani wangu," akasema. "Mke wake alipofariki nyumba ilijaa watu wanalia. Mimi nikaingia, nikajilaza katikati ya zulia. Nikasema siondoki mpaka Bi Mize aje mwenyewe anifukuze. Shemeji zake wakataka kunibeba wanitupe nje. Huyu akacheka. Tangu mazishi alikuwa hajala. Akacheka, akala, ndio akalia vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kwa hivyo jina hilo ana ruhusa nalo. Ni letu, tumelihangaikia."

Mimi nilitazama sambusa.

Bi Zoila alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mimi utaniita nani?"

Mzaha wa India niliuona umemkaa Baldev ulimini. Masharubu yalimcheza. Baldev akaumeza mzaha wake kama kidonge kichungu.

"Zoila," akasema. "Mama Yauri. Na watu wako, Wakichwa. Nimefundishwa na maneno mengine, mazuri, lakini hilo mmejiita wenyewe."

"Vyema. Hayo ya utani ngoja kwanza. Hujamzika mtu wangu."

Yauri aliyatafsiri hayo. Nami nikajua nimeharibu, ulimi wangu umevunja ndoa ya mtoto wa watu. Lakini mama alikwisha kuvuta sahani. Akachagua sambusa kubwa kuliko zote, akamtia Baldev mkononi. Mimi akaniuliza pweza ana ladha gani. Halafu akauliza harusi ni mwezi gani, maana shali ya bibi harusi haifumwi kwa siku moja.

Kiran akajibu kabla baba yake hajameza.