Bikoni Niliyoiandika Kimya

Nilifika Korogwe na stashahada ya upimaji ardhi, nikajikuta mwanafunzi kwa mara ya pili, safari hii chini ya mzee mmoja aliyekuwa amepima viwanja vya mji ule tangu ujana wake. Nilipanga chumba Masuguru. Mwanafunzi wake mwingine, binti mdogo kwangu kwa miaka michache, alitoka Kwamndolwa na hakuwa na cheti chochote. Aliingia kama kibarua wa kufyeka njia ya kupimia. Akamtazama mzee kwa misimu miwili, kisha mzee akamwachia mashine ya vipimo.

Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Niliuonea wivu mkono wake, uliosawazisha mashine juu ya miguu yake mitatu huku mimi, mwenye vyeti, ningali nikihangaika kiputo cha kusawazishia kitulie katikati. Niliyaonea wivu hata maamkizi yake. Tulipoingia kijiji chochote cha Handeni aliwaamkia wazee kwa Kizigua, wakacheka naye na kumletea kigoda. Mimi nilisema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, basi.

Mzee alitutangazia kwamba kazi ya Mnyuzi, mashamba mengi kando ya reli, angemkabidhi mmoja wetu aisimamie mwenyewe, na huyo ndiye angekuwa msaidizi wake. Sikulala vizuri wiki ile.

Siku chache baadaye tulikuwa tukipima mashamba Handeni, yeye kwenye mashine, mimi kwenye daftari. Mzee alikuwa na utaratibu asioruhusu uvunjwe: kabla ya kupima, mwenye mashine hulenga nyuma, kwenye bikoni, jiwe la saruji la mpaka, iliyokwisha kupimwa, na mwandishi huitaja namba yake kwa sauti, kosa lisikike kwa watu wawili. Nyuma yetu, nyasini, palikuwa na bikoni mbili: yetu ya jana yake, na ya zamani ya shamba la mkonge. Kibarua wetu aliisimamisha fimbo ya kulengea juu ya ile ya mkonge. Binti akailenga, akidhani ni yetu.

"Umeandika, dada?"

"Nimeandika."

Niliandika namba ya bikoni ya mkonge, kwa mwandiko safi, na sikuitaja. Kuandika uongo katika daftari la vipimo sikuweza. Kunyamaza niliweza.

Kufikia adhuhuri tulikuwa tumesimika bikoni nne, zote zimesogea upande mmoja. Kijijini pale saruji haiachwi ikauke kabla majirani wawili hawajasimama mpakani, kila mmoja upande wake. Bibi mmoja alikwenda kusimama kwenye safu yake ya minyaa iliyopandwa mpakani zamani, hatua sita kutoka kwenye bikoni yetu.

"Bibi, sogea huku kwenye jiwe," kibarua alimwambia.

"Mimi nipo mpakani. Hilo jiwe lenu ndilo lililopotea. Liambieni lisogee lenyewe."

Watu waliangua kicheko. Binti hakujitetea. Aliitazama minyaa, akaitazama mashine, akarudi mbio hadi nyasini, akaziona bikoni zote mbili.

"Bibi, nimekosa mimi," alisema aliporudi, mbele ya wote. "Tutazing'oa."

"Ng'oa, mwanangu. Chai ipo."

Kisha akanigeukia, bila shaka yoyote usoni. "Dada, kumbe na wewe hukuona?"

"Sikuona."

Mzee, aliyekuwa amekuja adhuhuri kukagua kazi, aliniomba daftari. Aliufuata mstari wa asubuhi kwa kidole, akafika kwenye ile namba, kidole kikasimama. Alijua kwamba aliyeiandika alikuwa ameiona. Alilifunga, akalitia kwapani.

"Kuanzia kesho utashika fimbo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Daftari nitaandika mimi."

Hakumwambia binti, wala hakunikemea. Kazi ya Mnyuzi akapewa binti. Nimesimamia kazi nyingi tangu siku zile, kubwa kuliko ile, na bado nikisikia Mnyuzi ikitajwa moyo hunichoma. Ninachokionea wivu zaidi ni ile "nimekosa mimi", jinsi ilivyomtoka nyepesi mbele ya kijiji kizima.

Siku ya kwanza ya Mnyuzi nilisimama kando ya reli, bado na fimbo mkononi. Kwa mbali, kwenye mashine, binti aliinua mkono.

"Kushoto kidogo, dada! Kidogo tena!"

Niliangalia chini. Alikuwa sahihi. Nikasogea.