Pua ya Marcellin

Kwa miaka mingi hapa Bellevue hakuna aliyehitaji kujua kuwa anaitwa Marcellin. Ungeuliza Pua, na yeyote aliyekaa kizingitini angekuonyesha ile nyumba kuukuu yenye bati jekundu, iliyogawanywa vyumba mpaka korido imekuwa chumba, na nyuma yake uwanja wa saruji uliokunywa oili ya magari ya nusu ya mtaa. Jina hilo lilitokana na namna yake ya kufanya kazi. Gari likiletwa, mafundi wengine hufungua boneti. Yeye alikwenda nyuma, akachuchumaa kwenye ekzosi kama mtu anayeambiwa siri, akavuta pumzi.

"Hii iko na njaa," angesema, akimaanisha kwamba hewa imezidi petroli. Au: "Hii imeshiba mpaka inatapika." Kisha ndipo alipochukua bisibisi. Ujuzi huo alikuja nao kutoka Uvira, Kongo, na Johannesburg, mji uliokaa juu sana ambako hewa ni nyepesi na kabureta hudanganyika kirahisi, ulimpa kazi nyingi.

Halafu majira ya baridi ya mwaka juzi akashikwa na mafua. Mafua yaliondoka, harufu haikurudi. Alidhani bado ni kamasi, mpaka siku moja akanywa maziwa yaliyochacha, glasi nzima, na kugundua kwa ulimi tu. Baadaye ikaja harufu moja ambayo haikuwa ya kitu chochote: kitunguu kilichoungua. Kahawa ilinuka hivyo. Sabuni ilinuka hivyo. Moshi wa gari ulinuka hivyo, ukiwa mzuri, ukiwa mbaya. Kulikuwa na asubuhi aliponyanyuka kitandani akitafuta sufuria inayoungua, na jikoni hapakuwa hata na moto.

Hakumwambia mtu. Mtu anayeitwa Pua angeanzia wapi kusema jambo hilo, na wateja wake wangebaki kufuata nini? Aliendelea kuchuchumaa na kuvuta pumzi kama zamani, lakini sasa alikuwa akikisia.

Ndipo akanunua geji. Aliipata Marshalltown, kwenye duka la vipuri: kisaa cha duara kinachowasha namba, na waya unaoishia kwenye sensa ambayo hukazwa ndani ya bomba la moshi. Sensa za kawaida hujua mawili tu, hewa imezidi au imepungua. Hii husema pia kwa kiasi gani. Namba ikikaa karibu na kumi na nne na ushee, hewa na petroli vimepatana. Ikishuka, petroli ni nyingi. Ikipanda, hewa ni nyingi. Marcellin aliitazama kama mtu aliyerudishiwa kiungo cha mwili. Ikamfaa kwa gari moja, na la pili, na la tatu, mpaka ikaja bakkie, yaani pikapu, ya Filbert.

Filbert ni Mtanzania mwenye spaza, duka dogo la mtaani, kule Diepsloot. Kila asubuhi yeye na mkewe Hyasinta hupakia mboga na mkate kwenye bakkie yao ya zamani. Alitaka geji ikae hapo mbele ya usukani ili aione akiendesha. Marcellin akaifunga. Namba ikasema kumi na saba: hewa tele. Akaweka jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, kubwa zaidi kwenye kabureta ili petroli iongezeke. Kumi na saba. Akaweka kubwa kuliko hizo. Namba ikatikisika kidogo, ikarudi palepale.

Siku ya tatu tangu alichukue gari, Filbert aliingia uwanjani bila salamu.

"Fundi, gari linanuka. Tukisimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu, hata kupumua hatuwezi. Hyasinta anashuka kichwa kinampasuka. Leo amegoma, kapanda teksi."

"Geji inasema nini?"

"Kumi na saba. Si wewe uliyeniambia namba ikipanda hewa imezidi? Sasa kama hewa imezidi, hiyo petroli inayonuka ni ya nani? Ya jirani?"

Marcellin alifungua plagi moja. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa, na weusi ni dalili ya petroli kuzidi. Lakini injini hii ni mzee, inaunguza oili, na oili nayo huacha weusi. Plagi ilisema hivi, geji ilisema vile. Zamani palikuwa na shahidi wa tatu.

"Eish, Pua, unaangalia nini muda wote huo? Chuchumaa unuse, kama siku zote."

Akairudisha plagi, akawasha gari, akachuchumaa. Injini ilikuwa ikiunguruma, moshi ukampiga usoni. Kitunguu kilichoungua. Alivuta tena, akafumba macho, akatafuta nyuma ya kile kitunguu kama anayepapasa gizani, asipate kitu.

"Ngoja kwanza," alisema.

"Nimengoja. Nikitoka hapa nampelekea fundi mwingine. Si kwa ubaya, kaka. Mke wangu hupanda humo kila siku."

Marcellin alibaki amechuchumaa. Kisha akageuza kichwa kuelekea kibarazani, ambako mkewe Jeannine alikuwa akimsuka mteja.

"Mama Arlène, kuya huku!"

"Niko na kichwa cha mtu mkononi, Papa Arlène."

"Kuya tu. Na pua yako."

Filbert akacheka. "Leo Pua anaazima pua!"

"Yangu haifanyi kazi tena," alisema Marcellin, akiitazama saruji. "Tangu ile mafua."

Kicheko kilikatika. Jeannine alikuwa ameshafika, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake.

"Mafua gani?"

"Ile ya mwaka juzi."

"Na siku zote hizo napika, nakuuliza sombe iko je, unasema inanukia vizuri?"

"Chumvi minaisikia."

"Chumvi!" Akainama yeye mwenyewe kwenye ekzosi, akajiziba mdomo, akarudi nyuma. "Petroli. Mbichi kabisa. Hata mtoto angekuambia." Akatembea kando ya gari kwenda mbele, bado amekunja uso, na penye boneti akasimama. "Na hapa pia moshi iko. Hapa moshi inatafuta nini?"

Marcellin alinyanyuka. Akapeleka kiganja karibu na pale bomba linapoungana na injini, na pumzi ya moto ikamgonga: puh, puh, puh. Gasketi ilikuwa imeliwa. Moshi ulitoka pale kwa kusukumwa, na katikati ya msukumo na msukumo, hewa safi ilinyonywa ndani, ikapita mbele ya sensa, ikahesabiwa. Geji haikusema uongo. Ilipima hewa ambayo injini haikuivuta kamwe. Naye aliendelea kuilisha injini iliyokwisha kushiba.

Alibadilisha gasketi, akarudisha jeti za mwanzo. Walipowasha, namba ilitangatanga, kisha ikatulia kwenye kumi na nne na ushee. Filbert hakuiangalia; alimgeukia Jeannine.

"Mama Arlène, nusa tena."

"Moshi tu. Petroli hakuna."

"Sharp." Akaingia garini, akateremsha kioo. "Fundi, watu niwaambie nini?"

"Waambie gasketi ndiyo ilikuwa mbovu."

"Sikuuliza hilo."

"Minajua."

Filbert alipigapiga usukani kwa vidole. "Basi nitasema Pua yupo, ila siku hizi mko wawili." Akaondoka kwenda kumchukua Hyasinta.

Mchana waliketi kula. Jeannine alimpakulia sombe, yale majani ya muhogo, akamsogezea sahani mpaka chini ya kidevu.

"Inanuka nini?"

"Kitunguu iliyoungua."

"Sijaweka kitunguu." Akaketi. "Na mimi?"

Jibu alikuwa nalo: mafuta ya nazi, yale anayopaka vidoleni akisuka. Aliyakumbuka vizuri kabisa.

"Vilevile," akasema.

"Kumbe mimi na sombe ni kitu kimoja." Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akavuta kiti chake karibu, akainamisha shingo. "Tafuta."

Marcellin akavuta pumzi polepole. Kitunguu. Akavuta tena. Kitu kilipita, chepesi, kitamu kidogo, kikapotea kabla hajakishika. Akabaki pale, pua yake kwenye shingo ya mkewe, asijue kama alichokipata ni yeye au ni kumbukumbu tu.