Waya Wenye Plagi Pande Mbili

Mume wangu alipanda nguzo za umeme miaka kumi na tisa, mtaani wakamwita Kunguru. Mara ya mwisho alishushwa kwa kamba, na hospitali wakaukata mkono wake wa kulia. Siku hiyo laini ilikuwa imezimwa kituoni. Lakini mwenye saluni mmoja alikuwa amechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, kwa waya wenye plagi pande mbili, bila kuzima swichi kuu. Umeme ukatoka saluni kwake, transfoma ikauongeza nguvu, ukamkuta Kunguru juu ameshika waya. Mwenye saluni alikuja wodini na machungwa. Sikuyagusa.

Tangu hapo umeme ukikatika Kunguru huzunguka nyumba kwa nyumba. "Zima swichi kuu kwanza, ndiyo uwashe jenereta." Wanaitikia ili aondoke. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa anayekufa siye mwenye sikio, na hilo ndilo linalonichoma.

Juzi mchana umeme ulikatika tena. Akaja mwenzake wa zamani, ngazi begani.

"Waya wa kufunga laini ardhini unao?" Kunguru akamuuliza. Ndio unaowalinda umeme ukirudi kinyume.

"Uliibwa, kaka. Tumeandika barua."

"Basi usipande. Nipe muda nizunguke."

"Zunguka upesi. Bosi ananipigia kila dakika."

Tukagawana mtaa. Fundi cherehani alinijibu bila kuinua macho, "Nimeshazima, shemeji." Nikaingia mwenyewe hadi ukutani, swichi kuu bado imewashwa. Nikaizima.

"Nyie mna kisirani," akasema. "Huyo mmoja tu ndiye aliyepigwa."

Nyumba ya pili walinicheka, wakazima. Ya tatu hawakunifungulia, na jenereta lao lilikuwa linanguruma dirishani. Mtaa wetu una nyumba zaidi ya mia.

Nilimkuta mume wangu karibu na nguzo, anahema.

"Umefikia nyumba ngapi?"

"Tatu."

"Mimi nne."

Mwenzake alikuwa ameshapanda kupita katikati ya nguzo. Nilifungua kinywa nimwite, Kunguru akanikataza, maana mtu aliye juu hashtuliwi. Majenereta yalisikika kila upande. Tulisimama, hatuna la kufanya, nami nilitamani kulia.

"Mama watoto," akaniambia taratibu, macho yakiwa juu. "Nenda ukakae na mke wake."