Mkalimani Asiye na Cheti

Na itangazwe kuanzia ufukwe wa ziwa hadi mgomba wa mwisho wa Muleba, wakubwa wasimame na wadogo wavue kofia: Mzee Mustapha Saburi, Kinywa cha Serikali katika wilaya nzima ya Bukoba, anaanza kazi!

Kwa sasa hawezi kuanza. Ni saa mbili asubuhi, lori la kahawa limemshusha hapa Muleba baada ya maili arobaini, na Kinywa cha Serikali kimejaa vumbi. Anasukutua nyuma ya banda la baraza, anatema, anakung'uta tarabushi yake gotini, kisha anaingia na kusimama mahali pake: hatua moja kutoka meza ya bwana shauri, Mzungu anayeamua kesi, na hatua moja kutoka kwa watu. Hana kiti.

Kesi ya kwanza ni ya mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba. Mama mmoja mjane, Benigna, anaeleza kwa Kihaya jinsi jirani yake alivyoanza kwa kuhamisha mpaka hadi nyuma ya mgomba mmoja, na sasa amemeza migomba kumi na minne. Mustapha anayageuza yote kuwa Kiingereza, pamoja na machozi. Mama anashinda. Anapiga magoti na kusema, "Wakola waitu," yaani asante bwana, macho yake yakimtazama Mzungu. Mustapha anaifikisha shukrani mezani. Mama anaondoka bila kumtupia jicho.

"Waitu ni neno la heshima," Mustapha anasema baadaye. "Nalisikia mara hamsini kwa siku. Linapita mdomoni mwangu kama mtu anayekatiza uwanja wa jirani. Halikai."

Ana miaka hamsini na mitatu, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa mkalimani. Kiswahili alipewa na baba yake, mtu wa Pangani. Kihaya alikinyonya kwa mama yake, mtu wa Kaagya. Kiingereza alikiokota ofisini alipokuwa akibeba mafaili. Mkewe, Shamsa, alifariki miaka sita iliyopita, na binti yao Maulida ameolewa Mwanza. Mzee amepanga chumba kimoja Kashai, mjini Bukoba.

"Lugha tatu," anasema, "na jioni sina wa kumwambia kwa lugha hata moja kwamba chai imepoa."

Wasomaji wa gazeti hili la shule wanamfahamu kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 1953, shule yetu ya bweni hutoa cheti cha lugha mbili kwa wavulana wa darasa la kumi wanaoweza kukalimani bila kubabaika, na mtahini ni yeye. Mwalimu Clavery husema Kiingereza, Mzee hujibu kwa Kiswahili, na mvulana hukaa katikati akitokwa jasho. Kisha mvulana huyo huandika alichokisikia. Mwaka huu walifaulu tisa kati ya ishirini na wawili. Ildefons alipata tisini. Kuna mwingine alipata thelathini na moja.

Mwezi uliopita ikatoka amri ya wilaya: kuanzia Januari 1957, hakuna mkalimani atakayeajiriwa wala kubaki kazini bila cheti hicho. Mzee aliisoma mara mbili, akamwendea karani mkuu.

"Mimi ndiye ninayewatahini hao wanaopewa vyeti."

"Vizuri sana, Mzee. Cha kwako kiko wapi?"

"Sasa mimi nani atanitahini?"

"Hilo si swali la ofisi hii, Mzee wangu."

Wiki moja baadaye alikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wake. Ndani mlikuwa na cheti chenye mhuri, saini ya Mwalimu Mkuu na mapambo ya wino mwekundu. Mwandishi wa makala hii alikikuta kimebandikwa ukutani alipomtembelea Kashai, daftari mkononi, uso umetulia kama wa mtoto wa kwaya.

"Umeshakipeleka ofisini, Mzee?"

"Bado. Ni cha uongo. Nilijua tangu mstari wa tatu."

"Mbona umekibandika?"

"Kimeandikwa jina langu lote na la baba yangu, kwa mwandiko mzuri. Nimekisoma siku nne. Sipati barua nyingi." Kisha akasema, "Haya, andika, gazeti lako lipate habari: Mzee Mustapha anatumaini kufaulu."

Mwandishi akaandika. Mzee akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akaliinua kando ya cheti. Cheti kilisema "amefauru". Daftari likasema "kufauru".

"Mwalimu Mkuu ni Mwingereza," alisema Mzee. "Hukosea ngeli zote, lakini L yake haijawahi kugeuka R. R hii ni ya nyumbani kwa mama yangu. Mutembei, mtoto wa Rubafu, ulipata ngapi vile?"

"Thelathini na moja, Mzee."

Basi mwandishi anaungama. Mhuri ule ulichongwa kwenye kiazi cha jikoni. Wala haukuwa wema. Alitaka Mzee akipeleke kile cheti ofisini, karani acheke, na kicheko kifike bwenini kabla ya chakula. Hata daftari lilikuwa kisingizio. Alikuja kutazama kama mtego umenasa. Hakufikiri kwamba mtu angeweza kufungwa kwa cheti cha kughushi. Hakufikiri kwamba mtu angekibandika ukutani. Na kila L katika makala hii imekaguliwa na Mzee mwenyewe.

Mzee hakufoka. Alisema kwamba Mwalimu Mkuu amemkubalia kufanya mtihani tarehe kumi na tano Desemba, mbele ya bwana shauri, benchi moja na wavulana wanaorudia.

"Yaani na wewe," alisema. "Jumamosi uje tufanye mazoezi. Kazi hii inataka watu watatu, nami niko mmoja. Mlete Ildefons awe Mhaya, wewe uwe Mzungu, mimi nikae katikati."

Mwandishi alipofika mlangoni, Mzee alimwita tena.

"Na mkishamaliza kusemeshana, mwanangu, mniulize na mimi jambo. Lolote. Nataka kujibu la kwangu."