Kuna Mtu Getini

Nyinyi vijana mnaosoma hapa, hebu wekeni simu chini. Juzi nimeambiwa kwamba askari wa geti la nyumba ya matajiri huko Lavington, pale nilipofua nguo miaka mingi, amefariki kwao magharibi. Wameshamzika. Hakuwa ndugu yangu, kwa hiyo hakuna aliyekuja kunipa pole. Nimekaa na chai yangu peke yangu.

Siku yangu ya kwanza pale, mwenye nyumba aliuliza kutoka ndani, "Kuna mtu?" Askari akajibu, "Kuna mtu." Mama yule akatoka, akaniona, akafoka: "Si ungesema ni wa kufua! Nimeacha chakula mezani." "Ni mtu, madam," askari akajibu, wala hakucheka. Ikawa hivyo kila Jumanne. Saa ya chai mimi na askari tuliketi kando ya kibanda chake. Yeye alifika darasa la saba, mimi la tatu, basi akapenda kunifundisha. "Mama, kwenu mnasema andu. Kwetu ni abandu. Huko kusini, abantu. Mzungu mmoja msomi alisikia zinavyofanana, akaziita lugha zetu Bantu. Maana yake watu, basi." Nikamwambia, "Kumbe nyanya yangu alikufa bila kujua yeye ni Mbantu!" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Na mpishi wetu Mjaluo je?" nikauliza. "Lugha yake ni ya ukoo mwingine. Yeye ni mtu, na ugali wake unaula kila Jumanne."

Halafu ukaja ule mwezi wa vurugu baada ya uchaguzi, watu wakawa wanaulizana kabila kabla ya salamu. Mchana mmoja mlango wangu hapa Kabiria ukabishwa. Nikachungulia dirishani: ni yule askari, na begi mkononi. Mjukuu akauliza, "Shosho, kuna mtu?" Niliogopa macho ya majirani nikimhifadhi mtu wa kabila lingine. Nikasema, "Hakuna mtu." Kuta za mabati hazifichi neno; alinisikia. Akasema kutoka nje, "Haya, mama. Bakini salama." Akaenda. Sikumwona tena.

Sasa wajukuu wanakariri vitabuni jinsi Wabantu walivyotoka mbali, wakitembea vizazi na vizazi. Karirini. Lakini safari yote hiyo, na mimi nikashindwa na hatua tatu za kufika mlangoni. Ndiyo maana nyumbani kwangu nimetoa amri, na sirudii: mlango ukibishwa, hakuna kuuliza ni wa wapi. Semeni, "Kuna mtu," kisha mfungue.